Wasomaji Hawapatikani kwa Makelele

Hakuna mtu aliyezaliwa pamoja na wasomaji wake. Mama, baba na jamaa, mtoto huwakuta wakimngoja. Lakini msomaji hutafutwa, akipatikana hutunzwa, na asipotunzwa huenda zake kimya, pasipo kwaheri wala lawama. Mwandishi hajui kuwa ameachwa mpaka siku atakapoita asisikie mwitikio. Nakwambia haya wewe, kijana unayeandika au unayetamani kuandika kwenye intaneti, kwa sababu kila muhula hunijia wanafunzi kadhaa na swali lile lile: "Mwalimu, nifanyeje hata watu wengi wanisome?" Nami nikiwauliza wameandika nini juma hili, hunitazama kana kwamba nimewauliza habari za Uchina.

Swali lao si baya. Kibaya ni jibu wanalouziwa. Nasema wanalouziwa, maana jibu hilo lina bei. Hapa Milimani, mtaa wa miti mikubwa na nyumba za zamani ulio karibu na ziwa, pana kumbi za kukodi ambamo vijana wa Kisumu hukusanywa mchana kutwa, wakapewa chai na andazi, wakafundishwa namna ya kupata wasomaji kwa haraka. Nimekwenda mara mbili, nikalipa kiingilio kama wenzangu, nikakaa nyuma. Mafundisho yenyewe ni haya. Andika mara kumi kwa siku, usipumzike. Kichwa cha habari kiwe cha kutisha, hata kama habari yenyewe haitishi. Mwenzako akiwa na habari, mtangulie. Kila asubuhi, kabla hujanawa uso, tazama hesabu ya waliokusoma jana. Kilichosomwa na wengi kirudie, kilichosomwa na wachache kitupe. Wenye mafunzo wauita huu utaratibu bora wa kazi.

Mimi nauita utaratibu wa mpiga debe. Mpiga debe wa stendi ana kazi yake halali, wala sina ugomvi naye. Hupaza sauti, gari likajaa, akapokea chake. Lakini yeye hasafiri. Gari likiondoka hubaki pale pale akiita abiria wengine, na waliopanda hawamkumbuki kesho yake kwa sura wala kwa jina. Mwandishi anayefanya kazi hivyo hukusanya watu leo, akawapoteza leo. Hesabu yake ni kubwa, na wasomaji hana.

Maana msomaji ni nani? Msomaji ni mtu anayerudi. Aliyesimama mara moja kwa sababu ya kelele ni mpita njia tu, na wapita njia elfu hawamfikii msomaji mmoja aliyekuja juma lililopita, akaja juma hili, na juma lijalo atakuja tena. Tofauti ya watu wawili hawa haikutajwa hata mara moja katika kumbi nilizokwenda.

Tazama wavuvi wa omena katika ziwa letu. Usiku usio na mbalamwezi huingia majini na taa zao, na ukisimama ufuoni waona kama mji mwingine unaoelea juu ya maji. Alfajiri hurudi. Mama mwenye karai lake hutoka nyumbani gizani kwenda kuwangoja, hali hajaona samaki hata mmoja. Ni nini kilichomtoa kitandani? Hakuna aliyemwita. Ajua tu kwamba mashua zitakuja saa ile. Na mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wakapumzika, mama huyo hajisumbui kwenda wala hakasiriki, maana hilo nalo alilijua. Lau mashua zingefika leo usiku wa manane, kesho adhuhuri, na kesho kutwa zisije kabisa, ufuo ungekuwa mtupu, hata samaki wangekuwa wazuri namna gani.

Walioandika katika nchi zetu kabla ya intaneti kuzaliwa walilijua jambo hili. Mwaka 1930, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Alikuwa mwanachuoni na mwalimu, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakukosa kazi nyingine za kumjazia siku. Makala zake zilikuwa fupi, zikiwasema watu wa pwani juu ya elimu na mwenendo wao, na mara nyingi ziliwachoma. Watu hawapendi kuchomwa, lakini walisoma; na baadhi ya makala hizo zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Karibu zaidi na siku zetu yuko Wahome Mutahi, ambaye tangu miaka ya 1980 mpaka alipofariki mwaka 2003 alijulikana kwa safu yake ya Whispers katika magazeti ya Jumapili. Wasomaji walimzoea Thatcher, mke wa Whispers, kama mtu wanavyomzoea jirani anayeishi ng'ambo ya ua. Jirani huwi jirani kwa kuonekana siku moja.

Utaniambia hao walikuwa na kipawa. Walikuwa nacho, sibishi. Lakini neno kipawa limekuwa blanketi la wavivu, na katika madarasa yangu naliona likifunika miguu mingi. Shaaban Robert aliingia katika Idara ya Forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akawa mtumishi wa serikali katika ofisi moja baada ya nyingine kwa zaidi ya miaka thelathini. Mashairi, insha na riwaya zake ni kazi za mtu aliyekuwa na saa za ofisi, na mkubwa wa ofisi juu yake. Kama angengoja siku tupu isiyo na kazi ndipo atunge, leo tungekuwa na karani mmoja mwema tusiyemjua jina.

Sasa niseme habari ya siku yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapotaka kufika. Najua shuleni huna simu. Sheria inakataza, na mimi mwenyewe nimezitwaa nyingi na kuzirudisha mwisho wa muhula mbele ya wazazi. Usisikitike. Sehemu kubwa ya kazi ya kuandika kwenye intaneti haihitaji intaneti. Yahitaji daftari, kalamu, na nusu saa ambayo hakuna mtu mwingine anayeidai. Nusu saa hiyo itafute alfajiri. Jioni mwili umechoka, rafiki wanaita, na akili imejaa maneno ya watu. Alfajiri kichwa ni chako. Andika kabla hujasoma cha mtu yeyote, kwa sababu ukisoma kwanza utaandika mwangwi.

Mchana usiandike. Mchana ni wa masikio na macho. Katika matatu, kwenye foleni ya maji, katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, watu husema mambo ambayo hakuna mwandishi aliyepata kuyabuni. Lakini usiku, kabla ya kulala, tenga dakika kumi uyatie daftarini uliyoyaona: mahali, saa, na jina la aliyekuambia. Nasisitiza jina la aliyekuambia. Kumbukumbu ni mtumishi mwenye heshima nyingi. Humletea bwana wake kile anachokitaka badala ya kile kilichotokea.

Katika asubuhi hizo za juma usijaribu kuandika makala nzima kila siku. Asubuhi za kwanza andika vibaya, tena bila haya. Asubuhi inayofuata futa. Mimi hufuta thuluthi moja ya niliyoyaandika, na sijapata kujutia neno nililolifuta, ijapokuwa nimejutia mengi niliyoyaacha. Alhamisi ni siku ya kuuliza, nayo nitaieleza peke yake. Ijumaa nakili kwa mwandiko safi. Jumamosi, kama ni mwanafunzi wa kutwa, nenda kwenye saiba la mjini ukapige chapa kilicho tayari; hulipi fedha ya saa nzima ukitafuta la kusema, maana la kusema umekuja nalo. Makala yangu mimi hutoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Iwe mvua, uwe mtihani, hutoka saa mbili. Nikijua kwamba juma fulani sitaweza, nawaambia wasomaji juma moja kabla, kama mwezi unavyomwambia mama wa omena.

Na zile hesabu? Zitazame mara moja kwa mwezi, ukiwa umeshiba. Sisemi hivi kwa kuzidharau namba; nafundisha hisabati, na namba ni rafiki zangu. Nasema namba hizo zajibu swali ambalo hukuuliza. Niliandika wakati mmoja juu ya ugomvi wa wanamuziki wawili, nikasomwa mno. Mwezi ule ule niliandika namna ya kujaza fomu ya basari: karatasi zipi ziambatishwe, chifu atie sahihi wapi, fomu hurudishwa kwa nani. Nilisomwa na watu wachache. Kama ningeisikiliza hesabu ya asubuhi, leo ningekuwa mwandishi wa ugomvi wa wanamuziki. Lakini waliosoma ile ya basari walikuja na fomu zao mkononi, wakaleta na ndugu zao, na mpaka leo nikikutana nao barabarani huniuliza Jumamosi hii kuna nini. Wale wa wanamuziki sijui waliko.

Niieleze sasa Alhamisi, na kuieleza sina budi nikiri kosa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu nilikuwa na ukurasa wangu kwenye intaneti, na kwa umri ule nilijiona mtu mkubwa. Sikuwa na siku wala saa. Nikipata jambo, nilirusha. Jioni moja mwendesha bodaboda aliniambia kwamba zahanati moja kando ya ziwa imefungwa, muuguzi ameondoka, mlango una kufuli. Aliliona kufuli kwa macho yake. Nami niliandika papo hapo, kwa hasira nzuri ya ujana, nikawakemea wakubwa wote niliowajua na nisiowajua. Watu waliipeleka mbele kutoka simu hata simu. Usiku ule sikulala kwa furaha. Kila baada ya dakika chache niliitazama hesabu ikipanda.

Siku ya nne mpishi mmoja wa chuo, mama wa makamo, alinisimamisha nyuma ya jiko. Mtoto wake alishikwa na homa kali usiku. Zahanati ile iko mwendo mfupi kutoka kwao, lakini hakwenda huko. Alikopa nauli, akampakia mtoto kwenye bodaboda mpaka mji mwingine, gizani, kwa barabara ya mashimo. Zahanati ilikuwa wazi. Muuguzi alikuwa amekwenda maziko siku moja, akarudi. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Mama hakunigombeza. Alisema, "Mwalimu, nilikuamini," akanionyesha simu yake ili nione kwamba amekwisha kuufuta ukurasa wangu, kisha akaingia jikoni kupakua.

Aliniita mwalimu nami sijawa mwalimu bado. Neno lile limekaa nami kuliko hotuba zote nilizozisikia chuoni.

Kwa hiyo Alhamisi huuliza. Kila jambo katika makala ambalo laweza kumwinua mtu kutoka kitini pake na kumpeleka mahali, au kumzuia asiende, sharti nilisikie kwa watu wawili wasiosimuliana, na mmoja wao awe mwenye mlango wenyewe. Kufuli lililoonekana mlangoni ni ushahidi wa kufuli tu. Lililofungwa kwa nini, na mpaka lini, lazima umwulize mwenye ufunguo. Asiponijibu kabla ya Ijumaa, jambo hilo halitoki. Hutoka jingine, maana daftari la usiku halikosi akiba. Hapa ndipo utaratibu wa juma unapoonyesha faida ambayo mpiga debe hawezi kuipata. Anayerusha mara kumi kwa siku hana Alhamisi. Hata akitaka kuuliza, ni saa ngapi ataulizia?

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Huniambia vijana wenye akili: "Mwalimu, mambo mengine hayangojei Jumamosi. Nyumba ikiungua, utaandika juma lijalo?" Ni kweli, hayangojei. Lakini tuangalie ni nani aliyefaa kitu nyumba ilipoungua.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipokwisha katika fujo, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Mji huu wetu wa Kisumu uliona maduka yakiteketezwa na watu wakipigwa risasi. Katika nchi nzima waliokufa walizidi elfu moja. Watu hawakujua kama barabara ya kwenda kwa jamaa zao inapitika, wala kama jamaa hao wako hai. Siku hizo wengi walikimbilia ukurasa wa mwanamke mmoja, mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika kwenye intaneti kwa jina la Kenyan Pundit. Hakuwa mgeni kwao. Alikuwa ameandika juu ya siasa za nchi kwa miaka kadhaa kabla ya moto ule, wakati ambapo mambo hayo yaliwachosha wengi. Kwa kuwa walimjua, wasomaji walimpelekea habari za yale waliyoyaona, naye akaziandika mpaka zikamzidi nguvu. Mwanzoni mwa Januari 2008 akatoa shauri kwamba habari hizo ziwekwe juu ya ramani, kila tukio na mahali pake. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine wakaitika, na kwa muda wa siku chache ramani hiyo ikasimama, nayo ikaitwa Ushahidi. Baadaye chombo hicho kilitumiwa hata nje ya Afrika, mathalani Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010.

Angalia jina walilolichagua. Wangeweza kuiita Habari, au Kelele. Waliiita Ushahidi, na shahidi huulizwa: ulikuwako? ulionaje? nani mwingine aliona? Swali hilo la Alhamisi walikuwa nalo hata katika siku ambazo hazikuwa na Alhamisi, na habari iliyothibitika na ile ambayo haijathibitika hawakuziweka katika kapu moja. Mtu hawezi kujifunza kuogelea siku ambayo mashua imepinduka. Aliyezoea kuuliza juu ya bei ya nyanya, akauliza juma baada ya juma, mkono wake utauliza wenyewe siku ambayo dakika ni chache na maisha ya watu yamo ndani yake. Na wasomaji watamjia siku hiyo kwa sababu walimzoea katika siku zisizo na jambo.

Wenye mafunzo ya kumbi za Milimani watasema njia yangu ni ya polepole. Ni ya polepole. Mwaka wangu wa kwanza wa kutoa makala kila Jumamosi nilisomwa na walimu wenzangu, dada yangu, na mtu mmoja wa Homa Bay ambaye kila juma alinisahihisha sarufi. Mtu huyo wa Homa Bay angali akinisahihisha. Watasema pia kwamba kijana ataka fedha, na matangazo hufuata hesabu kubwa. Hapo sina la kuwajibu ila kuwauliza ni wanafunzi wao wangapi waliokwisha kulipwa, na mara zote mbili nilizouliza tuliambiwa ni wakati wa chai.

Muhula uliopita msichana mmoja anayekaa Nyalenda, hapa chini ya Milimani, alikuja na swali lile lile la siku zote, ila yeye alikuja na daftari. Alikuwa ameandika bei ya mtungi wa maji wa lita 20 katika vibanda vitatu vya mtaa wao, kila jioni, kwa majuma matatu, na katika juma la pili bei ilikuwa imepanda siku ya Jumanne katika vibanda vyote kwa pamoja. Nilisoma mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza ni nani aliyemwambia bei ya Jumanne ile, maana mbele ya siku zote paliandikwa jina, na mbele ya Jumanne hapakuwa na kitu. Akasema alisikia kwa watoto wenzake foleni. Nikamrudishia daftari bila kusema neno. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Alilitia katika mkoba, akateremka Nyalenda kuuliza.